Cadillac Kwenye Barabara ya Kusini

Mjini Lindi Lexus ni nyingi kuliko wenye nazo wanavyojua. Kila Harrier ya zamani inayopita mbele ya duka langu kuelekea Mtanda ni Lexus iliyovaa nembo ya Toyota. Gari lile lilitoka Japani Desemba 1997 kwa jina la Harrier, na mwaka uliofuata likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300, kwa madaktari na mawakili. Altezza ni Lexus IS. Ile Land Cruiser Cygnus ambayo vijana huizunguka mara mbili wakiiona imeegeshwa ni Lexus LX 470. Japani kwenyewe nembo ya Lexus haikuingia sokoni mpaka 2005, kwa hiyo magari ya kifahari yaliyotangulia yalivaa majina ya Toyota, yakazeeka kidogo, yakapanda meli na kuteremka Dar es Salaam, nasi tukayapokea kama Toyota tu. Mwalimu wa sekondari pale Mingoyo anaendesha gari lililowanyima usingizi wakubwa wa Detroit, na kinachomsumbua yeye ni taa ya nyuma iliyopasuka.

Mimi nauza spea. Nilianza na taa za Noah na bushi za IST, na mpaka leo hizo ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori wa Kilwa Kivinje, enzi za kuvuka Rufiji kwa pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Safari ya Dar es Salaam wakati wa masika haikuwa na siku ya kufika. Mama alikuwa akiulizwa mumewe anarudi lini, anajibu, "Muulizeni Rufiji." Nimekulia kwenye harufu ya dizeli na mazungumzo ya springi zilizokatika, na gari kwangu mimi huanzia chini, kwenye miguu yake, ndipo nipande kwenye viti.

Mteja wangu mmoja wa Nangurukuru, mfanyabiashara wa ufuta, msimu ulipomwendea vizuri alinitumia picha ya Cadillac Escalade nyeusi. Ana ndugu Marekani, na huyo ndugu ameahidi kumtafutia. Chini ya picha ameandika: "Dada, hili likifika, spea utanipatia?" Kabla sijajibu akapiga simu.

"Hivi dada, Mmarekani anaweza kweli kupambana na Mjapani na Mjerumani kwenye haya magari ya kitajiri?"

Nikamwambia, kaka, la spea nitakujibu sasa hivi, siwezi. Hilo la pili linataka kukaa chini.

Tukae chini basi. Cadillac ilipata jina lake kubwa kwa spea, na sijui kwa nini matangazo yao siku hizi hayalisemi hilo. Kampuni ilianzishwa Detroit mwaka 1902 na Henry Leland, fundi aliyejifunzia kazi kwenye viwanda vya silaha na mashine za kukatia chuma, mtu asiyevumilia kosa la unene wa unywele. Jina walilichukua kwa Mfaransa Antoine de la Mothe Cadillac, aliyeuanzisha mji wenyewe wa Detroit mwaka 1701. Miaka ile gari lilikuwa kama kanzu ya kushonewa: ya mwenzako haikukai. Fundi alichonga kipande, akakijaribu, akakipiga tupa, akakijaribu tena mpaka kikubali, na kikifa kilibidi kuchongwa kingine kwa ajili ya gari lile lile.

Mwaka 1908 wakala wa Cadillac nchini Uingereza alipeleka magari matatu kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, mbele ya waamuzi wa Royal Automobile Club. Mafundi wakayafungua yote mpaka yakabaki vipande zaidi ya 2,000, wakavichanganya rundo moja. Waamuzi wakaondoa vipande 89 na kuleta vingine kutoka stoo ya wakala. Kisha wakaamuru magari yaungwe tena kwa spana na bisibisi peke yake, tupa marufuku. Yakaungwa, yakawaka yote matatu, yakakimbizwa maili 500 bila kusimama njiani kwa ubovu. Hizo ni kilomita 800, yaani utoke Lindi uende Dar es Salaam, na wakati wa kurudi uipite Nangurukuru. Cadillac wakapewa kombe la Dewar, wakaanza kujitangaza kuwa wao ndio kipimo cha ubora duniani. Nilipomsimulia fundi wangu alicheka sana. Yeye kila wiki huchukua Noah mbili zilizokufa na kuifufua ya tatu, na hajawahi kupewa hata kikombe cha chai.

General Motors iliinunua Cadillac mwaka 1909. Mwaka 1912 ikaja na stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Wazee waliowahi kupiga hendeli kwenye malori ya zamani wanajua maana yake: hendeli ikirudisha teke ilivunja mkono. Kombe la Dewar likaenda Detroit mara ya pili. Kuanzia hapo, kwa miongo mingi, tajiri wa Kimarekani hakuwa na haja ya kutazama ng'ambo. Cadillac ya 1959, yenye mapezi marefu nyuma na taa mbili mbili nyekundu zilizochongoka, bado inachorwa kwenye kuta za saluni za watu ambao hawajawahi kuiona.

Kisha wakalewa sifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitoa gari dogo likiitwa Cimarron, ambalo chini lilikuwa Chevrolet Cavalier, gari la bei nafuu la kampuni hiyo hiyo, limeongezewa ngozi na nembo. Wateja hawakudanganyika. Mimi simlaumu mtu kwa kushirikisha vipande kati ya gari la maskini na la tajiri; Toyota hufanya hivyo kila siku na ndiyo riziki yangu. Injini ya 2AZ iliyomo kwenye Harrier imo kwenye Alphard, imo kwenye Ipsum, imo kwenye Kluger, na ikichoka inakula oili kote huko sawasawa. Tofauti ni kwamba Toyota walipoitoa Harrier waliikamilisha kwanza. Cimarron ilipelekwa sokoni kama mtu aliyevaa koti la harusi juu ya suruali ya shambani.

Wakati huo Japani, mwaka 1983, mkuu wa Toyota Eiji Toyoda alikuwa amewaambia wahandisi wake watengeneze saluni itakayoyashinda magari bora ya dunia. Miaka sita baadaye, 1989, Lexus LS 400 ikatua Marekani kwa bei iliyoanzia dola 35,000, chini sana ya Wajerumani. Miezi michache tu ikaonekana ina kasoro ndogo, na ikabidi magari yapatayo 8,000 yarudishwe gereji. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Walimfuata mteja nyumbani kwake, wakachukua gari, wakalitengeneza, wakalirudisha limeoshwa. Kasoro iliyotosha kuua jina jipya ikawa ndiyo iliyolijenga. Kuanzia mwaka 2000 mpaka 2010 hakuna nembo ya kifahari iliyouza zaidi ya Lexus katika soko la Marekani, nyumbani kwa Cadillac, huku BMW na Mercedes-Benz wakigombea nafasi zilizofuata.

Je, Mmarekani ameamka? Ameamka, tena kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza ni hiyo Escalade aliyoitaka mteja wangu. Ilitoka 1998 kwa haraka haraka, ikiwa GMC iliyobadilishwa sura, lakini wanamuziki na wachezaji wa mpira wa kikapu wakaipenda, na Cadillac wakawa na akili ya kuiboresha kweli kizazi baada ya kizazi. Leo mtu anayetaka gari kubwa la kifahari la safu tatu za viti, katika nchi ya barabara pana na mafuta nafuu, hana sababu ya kuona aibu kuichukua badala ya Range Rover au Mercedes GLS. Injini ya lita 6.2, silinda nane, sauti ya chini inayotetemesha sakafu. Ndugu zetu walioko Muscat huniambia AC ya gari la Kimarekani haina mpinzani mwezi wa saba, ingawa wao wenyewe wakienda jangwani huchukua Land Cruiser.

Njia ya pili ni ya kiufundi, na wengi hawaijui. Mwaka 2002 Cadillac ilikuwa ya kwanza kuuza gari lenye shokapu za sumaku. Ndani ya shokapu ya kawaida mna oili inayopenya kwenye matundu. Ndani ya hizi mna oili iliyochanganywa na chembe laini za chuma. Kompyuta ikipeleka umeme, chembe zinajipanga, oili inakuwa nzito papo hapo. Umeme ukikatwa, inalainika. Gari linaisoma barabara mara nyingi mno ndani ya sekunde moja na kila mguu unapata ugumu wake. Ferrari na Audi walikuja kutumia teknolojia hiyo hiyo. Mwaka huo huo wakaanza kuuza saluni ya CTS, waliyokuwa wameikimbiza kwenye uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, mlangoni kwa BMW kabisa. Na China, ambako hakuna mtu mwenye kinyongo na Cimarron, wanunuzi wakawapokea: mwaka 2017 Cadillac iliuza magari mengi zaidi China kuliko nyumbani Marekani. Kwa msimu wa 2026 wameingia hata mashindano ya Formula 1, wakianza na injini za kukodi kutoka Ferrari.

Kwa hiyo kwenye uhandisi sina wasiwasi nao. Mtu anayeweza kutengeneza shokapu ambayo Ferrari wanaitaka si mtu wa kudharauliwa. Saluni zao bado huuzwa kwa tabu mbele ya Wajerumani, lakini saluni zenyewe zinakimbiwa na wanunuzi dunia nzima.

Sasa turudi huku kwetu, maana mteja wangu hakai Miami.

Cadillac maarufu kuliko zote zilizogusa ardhi ya Tanzania ni ile ya Rais Barack Obama, Julai 2013. Ililetwa na ndege ya jeshi, ikamfikisha mpaka Ubungo kwenye mtambo wa umeme wa Symbion, jirani na linapoishia bomba la gesi ya Songo Songo. Sisi wa Kilwa tulijifariji kwamba angalau gesi yetu imetembelewa na Cadillac. Ilikuja na watu wake, ikaondoka nao, na hakuna fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyefungua hata nati moja.

Kikwazo cha kwanza ni usukani. Sisi tunaendesha kushoto, kama Japani na kama Uingereza, na usukani wetu uko kulia. Marekani ni kinyume. Jaribu kuwazia uko nyuma ya msururu wa malori ya saruji kutoka kiwanda cha Dangote, Mtwara, kati ya Mbwemkuru na Nangurukuru, umeketi upande wa kushoto wa gari. Ili uone kama njia iko wazi inabidi gari zima litoke kwanza, au umweke abiria awe macho yako. Baba alikuwa na utingo kwa ajili ya kazi kama hiyo, lakini lile lilikuwa lori. Mtu aliyelipia ngozi na muziki wa spika zaidi ya thelathini hataki kumwuliza shemeji yake kila baada ya dakika mbili kama kuna basi linakuja. Magari ya usukani wa kushoto huonekana bandarini Dar es Salaam, ndiyo, yakiwa na namba za IT, yanakwenda Kongo, Rwanda na Burundi wanakoendesha kulia. Yanapita.

Kwa nini General Motors hawatengenezi Escalade ya usukani wa kulia? Kwa sababu waliondoka kwenye dunia ya usukani wa kulia wenyewe, kwa miguu yao. Hapa jirani, Nairobi, walikuwapo tangu 1975 kwa ubia na serikali ya Kenya, wakiunganisha malori ya Isuzu. Mwaka 2017 wakawauzia Isuzu hisa zao asilimia 57.7 na kampuni ikabadilishwa jina kuwa Isuzu East Africa. Mwaka huo huo wakaacha kuuza magari Afrika Kusini na India, na wakaiuza Opel pamoja na Vauxhall ya Uingereza. Mwaka 2020 wakatangaza kuifunga nembo ya Holden ya Australia. Kihesabu huenda walikuwa sahihi; masoko hayo yalikuwa yanawala fedha. Lakini kampuni ikishafunga duka upande wetu wa barabara, haiwezi kushangaa ikikuta wateja wamehamia kwa jirani.

Kodi watu huilaumu kuliko inavyostahili. Gari lenye injini inayozidi cc 2,000 hulipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yake, na likiwa la zamani huongezewa uchakavu. Ukipiga hesabu, kila shilingi 100 ya thamani huzaa zaidi ya shilingi 60 za kodi. Ila Land Cruiser V8 ya Toyota nayo hulipa hivyo hivyo, na bado inanunuliwa.

Inanunuliwa kwa sababu mbili. Moja ni heshima, na heshima ya gari nchini mwetu imefuata aliyepanda. Kule Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam liko Rolls-Royce lililotumiwa na wakoloni wa Kiingereza, kisha na Mwalimu Nyerere. Baadaye wakubwa walipohamia Mercedes-Benz wananchi wakawaita Wabenzi, na halikuwa jina la kusifia. Kisha zikaja Land Cruiser za serikali na za miradi, tukaziita mashangingi, na mpaka leo mtu akifika kijijini Njinjo na shangingi, kiti kinapanguswa kabla hajashuka. Gari la Kimarekani halijawahi kuwa gari la mkuu wa wilaya. Escalade ikisimama Njinjo watoto wataizunguka, lakini wazee watauliza ni ya nani, na mwenyewe anafanya biashara gani.

Sababu nyingine iko kwenye kaunta yangu. Mtu akija asubuhi na bushi ya Harrier iliyokufa, nageuka nyuma, naichukua, anaondoka. Nisipokuwa nayo napiga simu Kariakoo, mzigo unapakiwa kwenye basi, kesho yake uko stendi. Kuna mpya ya Japani, kuna ya Taiwani, kuna ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa, na kila moja ina bei yake kulingana na mfuko. Fundi anaifunga chini ya mwembe. Sasa shokapu ya sumaku ya Escalade ikivuja, na itavuja, kwa sababu mvuke wa chumvi wa pwani hii hauheshimu nembo, nitaiagiza Dubai au Marekani kwenyewe. Ikifika kuna kuioanisha na kompyuta ya gari, na mashine ya kufanyia hivyo haipo Lindi. Wakati huo gari limewekwa juu ya magogo, mwenyewe anapanda bodaboda. Mei 2024 mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara yetu ya Dar es Salaam pale Somanga na Mikereng'ende, tukakaa na spea hazipiti wala abiria hawapiti. Waliokuwa na Toyota wakabadilishana vipande wao kwa wao. Mwenye gari la pekee yake mkoani angebadilishana na nani?

Halafu gari kwetu ni akiba pia. Mwana akipata nafasi ya chuo au mzazi akilazwa, Prado inauzwa ndani ya wiki moja na fedha inaonekana. Tangaza Cadillac Lindi uone. Watakuja wengi, kupiga picha.

Watu wa rika langu wakisikia haya husema Wamarekani hawajawahi kuijua biashara ya pwani hii. Si kweli, na Kivinje ndipo mahali pa kulibishia hilo. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said kwa niaba ya Marekani, na kufikia 1837 Unguja kulikuwa na konsuli wa Kimarekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Bidhaa yao kubwa ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, kigumu, kisicho na urembo. Waingereza walileta nguo zao, Wahindi za kwao, lakini misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Nyasa ilitaka merikani. Ilivumilia jua, mvua na miiba, ikapimwa kwa mkono, ikawa fedha kabisa. Sayyid hakuwaruhusu wageni kufanya biashara ya pembe na sandarusi moja kwa moja Mrima, pwani ya bara, kwa hiyo waliopeleka kitambaa bara walikuwa wafanyabiashara wa pwani wenyewe, watu waliojulikana, unaoweza kuwarudia ikiwa kipande kimeoza.

Na sandarusi iliyochimbwa upande huu, Rufiji na Kilwa, ilisafirishwa mpaka Salem, ikasafishwa huko na kuwa vanishi ya samani na ya magari ya farasi ya matajiri. Fahari ya barabarani ya Marekani ilikuwa inang'aa kwa utomvu wa misitu yetu miaka mingi kabla ya Henry Leland kufikiria gari.

Walilipotezaje soko hilo? Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka kwao, pamba ikakosekana, meli zikapungua. Misafara haikusimama kuwasubiri. Viwanda vya Uingereza vikaziba pengo, na baadaye Bombay ikafuma kitambaa cha aina ile ile kwa bei ya chini. Vita vilipokwisha 1865 Wamarekani walirudi, lakini hawakuipata tena nafasi yao yote. Aliyekuwapo dukani siku mteja alipokuja ndiye aliyeuza. Toyota Tanzania, kwa bahati, iko mikononi mwa familia ya Karimjee Jivanjee, waliofanya biashara Unguja tangu karne hiyo hiyo ya 19. Wao walikuwepo wakati wa merikani, wakawepo wakati wa Land Cruiser.

Hivi karibuni kumetokea jambo ambalo limenifanya nilichungulie tena suala hili. Cadillac imeanza tena kutengeneza gari lenye usukani wa kulia: Lyriq, gari la umeme linaloundwa Spring Hill, Tennessee. Mwaka 2025 lilianza kuwafikia wateja Australia na New Zealand, na likapelekwa Japani pia. Likichajiwa lijae linaweza kwenda takriban kilomita 500, na Dar es Salaam mpaka Lindi ni kama 450. Kwenye karatasi, basi, linafika, tena kwa umeme wa Rufiji wenyewe, wa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Tatizo ni kulitoa Lindi. Hakuna mahali pa kulichaji haraka njia nzima ya kusini, na mwenye nyumba wangu hukasirika nikichomeka friji ya pili.

Hata hivyo mimi nalitazama la Japani. Kilichotuletea Lexus bila sisi kujua ni mnada wa mitumba wa Japani. Tajiri wa Nagoya alichoka na Harrier yake, akaipeleka mnadani, ikaishia Mtanda. Ikiwa Wajapani watazinunua Lyriq kwa wingi, miaka minane au kumi ijayo zitapita njia hiyo hiyo, na mafundi wa Kariakoo watakuwa wameshajifunza betri kutokana na magari mengine, maana wale hawashindwi kitu kinacholipa. Wajapani wakizinunua chache, kama walivyozoea kufanya na magari ya Kimarekani, basi kazi yote ya Tennessee itatupita juu kama ndege.

Mteja wangu wa Nangurukuru nilimweleza yote haya kwa simu, naye alisikiliza kwa adabu, akiguna pale kwenye sandarusi. Mwisho nikamwambia: "Kaka, kama moyo wako umeshakwenda, mwambie ndugu yako alete Escalade mbili. Moja ya kuendesha, moja ya kuchinja."

Akanyamaza kidogo akipiga hesabu. Kisha akauliza V8 ya 2012 siku hizi inauzwaje.